Aliyetia Mzinga Kanisani

Mimi nina hasira za karibu, parokia nzima inajua. Nimefundisha Kiswahili na historia mpaka nikastaafu, na hadi leo mtu akikosea ngeli mbele yangu mkono unatafuta chaki. Kwa hiyo siku ile mwenyekiti wa kamati ya jubilei aliponiletea rasimu ya kijitabu cha historia ya kanisa letu, nami nakaanga karanga jikoni, nikaona ukurasa wa tatu ameandika "vita ya ukombozi," niliepua kikaango kwanza.

"Ukombozi wa nani?" nikamwuliza. "Mjerumani na Mbelgiji wanagombania nani atukalie kichwani, wewe unaita ukombozi? Uhuru wetu sisi ulikuja bila risasi. Muulize mama hapo, alicheza ngoma siku hiyo mpaka sauti ikamkauka."

Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha, akaitikia, "Siku tatu sikuweza kusema."

Mwenyekiti akacheka. Yeye ni Mgogo, alikuja Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa, akastaafu hapa. Na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, na babu zake wakiwatoza hongo ya shanga kwa kila kisima. Ndiyo maana mimi naweza kumwambia lolote, naye akanijibu lolote, na hakuna anayenuna.

"Mnyamwezi," akasema, "kazi yenu ni kubeba mizigo. Historia tuachieni sisi tuliokuwa tumekaa tunawaangalia mkipita."

Nikacheka na mimi. Kisha nikasoma mstari uliofuata, kicheko kikanikauka. Ulisema kwamba katika vita hiyo mtu mmoja wa hapa alitia mzinga kanisani, askari wakaigeuza nyumba ya Mungu kuwa ngome. Jina hakuliandika, kwa heshima, alisema. Lakini hapa kwetu nani asiyelijua? Mtu huyo ni babu yake mama.

Kanisa lenyewe ni dogo, la matofali ya kuchoma, lilijengwa wakati wa Mjerumani likawekwa chini ya yule mtakatifu wa Asizi aliyekuwa akizungumza na ndege. Linatazama njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ni ya bodaboda zinazowahi mtaa wa Kanyenye. Pembe moja ya mnara imemeguka. Wote tumekua tukiambiwa kwamba ilimegwa na risasi, kwa sababu upande mmoja uliona kuna mzinga ndani, ukaanza kufyatua. Mimi naona ni mvua tu, lakini nani anisikilize?

Utotoni nikipita, wenzangu walikuwa wakiimba nyuma yangu, "Mzinga, mzinga, puuu!" Wawili watatu niliwashikisha adabu. Lakini kwa mama jambo hili halikuwa mchezo wa watoto.

Kanisani kwetu kuna desturi moja. Kila jubilei yanasomwa majina ya watu wa kwanza, wale waliobeba matofali, waliopika, waliofundisha sala. Jina likisomwa, wajukuu na vitukuu wanasimama, wanaitikia "Yupo!" kisha wanakwenda kuwasha mshumaa wao mbele. Jubilei iliyopita nilikuwa msichana wa shule. Mama alishona gauni jipya, akanunua mshumaa, akakaa benchi la pili. Alidhani safari hii watakuwa wamesamehe. Majina yakasomwa, moja baada ya lingine, watu wanasimama kulia kwetu, wanasimama kushoto kwetu, mpaka orodha ikaisha. Mama alibaki ameketi. Mshumaa ulikuwa umepinda mkononi mwake kwa joto la kiganja. Alipofika nyumbani aliutia sandukuni chini ya kanga zake, na umo humo hadi leo.

Sasa mama ana miaka themanini na kitu. Macho mazima, masikio mazima, miguu ndiyo inayomletea ubishi. Usiku wa mwaka mpya aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, jubilei hii ndiyo yangu ya mwisho. Sitaki kitu kingine. Nataka wasome jina la babu, nisimame."

Mimi nilikuwa nimemwahidi. Sasa nishike karatasi inayosema mzinga, mzinga!

"Umeyatoa wapi haya?" nikamwuliza mwenyekiti.

Akatoa fotokopi mfukoni. Ofisi ya parokia ilikuwa na daftari la katekista wa wakati ule, limefungiwa kabatini miaka na miaka, na kamati ndiyo iliyolifungua. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo. Nikasoma kwa sauti, maana mama alikuwa ameacha kuchambua mchicha:

"Askari wamelala kanisani siku nne. Wamechoma mabenchi." Hapo likafuata jina la babu yake mama, kisha: "Ametia mzinga kanisani. Askari wametoka nje wote. Wamevimba vichwa. Tumesali uwanjani Jumapili tatu."

Askari wa upande gani, daftari halisemi. Nadhani kwa katekista askari ni askari.

"Unaona?" mwenyekiti akasema, na kwa kweli alisema kwa upole. "Amewapa mzinga, wamevimba vichwa kwa majivuno, wametoka kwenda kupigana. Waumini wakasali nje, maana ndani kuna mzinga. Mwalimu, utani ni utani, lakini daftari ni daftari."

Na mimi, mwalimu mzima, mwenye cheti kimetundikwa ukutani, nikasoma hivyo hivyo alivyosoma yeye. Nikajaribu kubisha kwamba labda alilazimishwa. Mwenyekiti akasema labda, lakini labda haisomwi madhabahuni.

Ungemuuliza nani? Babu huyo alichukuliwa na askari mwaka huohuo akabebeshwa mizigo, hakurudi. Mkewe aliachwa na mtoto wa kunyonya, ndiye aliyekuja kumzaa mama. Hakuacha jembe, hakuacha picha, hakuacha hata hadithi. Alichoacha ni maneno yale matatu, ametia mzinga kanisani, nayo yalikuwa yakisemwa na watu wengine.

Mama akarudi kwenye mchicha wake. "Basi," alisema. Neno hilo moja liliniuma kuliko kama angelia. Wiki iliyofuata nilikuwa mkali kwa kila mtu, hadi muuza maziwa akawa anaacha chupa getini na kukimbia.

Jumanne ya wiki ya jubilei, kwaya ikaleta spika mpya. Kubwa, za kukodi, za kutikisa madirisha. Sasa, darini mwa kanisa letu kuna nyuki. Wapo tangu nilipokuwa mtoto, na hakuna aliyewahi kuwauliza wamekuja lini. Wanaishi kwa amani, nasi tunasali kwa amani. Lakini kinanda kilipopigwa kupitia spika zile, wakashuka kuja kuuliza kulikoni. Nasikia sauti ya kwanza walitokea mlangoni, sauti ya pili madirishani, na mwimbaji mmoja wa besi, mtu wa kilo zake, alijifungia sakristia akagoma kutoka mpaka jioni.

Jumatano akaitwa mrina asali kutoka Ulyankulu. Kijana mpole, babu na bibi yake walikuja kutoka Burundi, na Kiswahili chake kina ule mlio wa kwao unaopendeza masikioni. Mimi nilikuwapo nafagia, maana wiki hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya yetu. Akaweka sikio ukutani, akagonga mbao, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hawa hatuwaui. Nitatia mzinga kanisani, humu humu, wahamie wenyewe taratibu. Ila mtasali nje, Jumapili mbili tatu hivi."

Ufagio ukaniponyoka.

"Sema tena," nikamwambia.

Maskini, akaingiwa na hofu. Walikuwa wameshamwonya kuhusu mimi. "Nimekosea ngeli, mwalimu?"

"Hujakosea kitu. Sema tena, baba, neno kwa neno."

"Nitatia mzinga kanisani. Mtasali nje."

Nikakaa kwenye benchi. "Na mtu akileta mzinga uliojaa nyuki," nikamwuliza, "akautia humu ndani na watu wamelala?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama we! Si wangetoka wote? Tena wangetoka na vichwa hivi!" Akatanua mikono kama mtu aliyekumbatia boga.

Sikuaga. Nilitoka na kanga moja, ya pili ilibaki kanisani, nikapanda bodaboda nikamwambia dereva akimbize. Ungeniona usingeamini kuwa ndiye mimi niliyefundisha watoto adabu. Nimefika, mama anaota jua uani. Nikasema yote kwa pumzi moja: mzinga ni wa nyuki, mama, wa nyuki! Alikuwa mrina! Kawatoa askari kwa nyuki!

Mama akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Nikadhani analia, kumbe kicheko kinapanda. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akapumzika, akaanza upya. "Wamevimba vichwa!" anasema, kisha anacheka. "Ee babu! Wamevimba vichwa!"

Hebu fikiria. Tabora hii! Misitu yote imejaa mizinga, asali yetu inakwenda mpaka Dar, hakuna nyumba isiyokuwa na dumu la asali chini ya kitanda. Nasi tumekaa maisha yetu yote, kizazi baada ya kizazi, tukisikia mzinga tunawaza baruti. Kwa sababu imetajwa vita, basi akili zote zikahamia kwenye bunduki. Nilijionea aibu, na wakati huohuo nilikuwa na furaha ya kutaka kuruka kamba.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisi ya parokia kabla haijafunguliwa. Mwenyekiti alipofika nikamwambia, "Sitaki fotokopi, nataka daftari lenyewe." Akanipa. Nikafungua ule ukurasa, nikafungua na uliofuata, ambao hakuna aliyejali kuutoa fotokopi. Palikuwa na mistari mitatu: "Nta imekwisha. Tunasali bila mishumaa. Mwenye mzinga hajarudi."

Hapo hasira na furaha zote zilinitoka. Ndiye aliyekuwa akiwaletea nta. Mishumaa yote ya madhabahu ile ilitoka mikononi mwake, na alipochukuliwa giza likaingia, na katekista akaandika kwamba hajarudi, maana alikuwa bado anamsubiri.

Mwenyekiti alisoma mara mbili. Akajikuna kisogo. "Inawezekana," akasema. "Lakini mwalimu, askari wenye bunduki wakimbizwe na wadudu? Vijitabu vimeshachapwa. Nisimame mbele ya watu niseme nini, kwamba jeshi lilikimbia nyuki?"

"Wewe Mgogo! Mpaka leo mnatutoza hongo? Jina la babu lipite kwa shanga ngapi?"

"Sitozi. Nataka kuona kwa macho yangu."

Tukaenda kanisani pamoja. Yule kijana alikuwa ameegemeza ngazi, anaandaa moshi wake na kofia yake ya wavu. Akamwambia mwenyekiti, mzee, subiri kwanza nipulize moshi. Asubiri! Mtu amefanya kazi na injini za treni miaka yote ile, aogope nyuki? Akapanda na suti yake. Akasukuma ubao mmoja wa dari, akaingiza kichwa.

Kwanza kulikuwa kimya. Kisha nikasikia, "Yesu na Maria!" na mwenyekiti akashuka ngazi nzima kwa hatua mbili, akapita mbele yangu, akapita mlango mkubwa, akashika njia ya misafara kuelekea Kanyenye kwa mbio ambazo sijaziona hata kwenye michezo ya shule. Viatu kimoja kiliachwa. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, halafu ndipo nikakumbuka kuwa mtu anaweza kudhurika, nikamfuata. Mimi na yule kijana tulimfikisha zahanati. Nesi akamchoma sindano, akamkagua, akasema hatakufa, ila kioo asikitazame siku mbili tatu.

Eti "viatu kimoja." Mnaona? Hata ngeli zilinikimbia nikikumbuka.

Ijumaa mama akasema apelekwe kumjulia hali. Akapika uji wa ulezi, akatia asali, tukaenda. Tulimkuta mwenyekiti amekaa sebuleni. Jicho moja limefunga, mdomo wa juu umetangulia mbele, masikio yamekuwa manene, kichwa kizima kimeumuka.

"Sh'kamoo mama," akasema kwa shida.

"Marahaba mwanangu. Pole sana." Mama akamkabidhi uji, akakaa, akaweka fimbo yake kando. Akamtazama kwa utulivu, upande huu, akamtazama upande ule. Kisha akasema, "Mwenyekiti, umevimba kichwa."

Nilidhani atakasirika. Lile jicho moja zima likatutazama mimi na mama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, na kucheka kunamuuma, na kila kunapomuuma anacheka zaidi.

"Mama," akasema alipoweza, "nami nimetoka nje."

Jumamosi alikaa ofisini mchana kutwa na kichwa chake hicho, akachana kwa mkono wake ukurasa wa tatu katika kila kijitabu. Nilimwambia ukurasa wa nne uko nyuma yake. Akasema utachanika nao. Kwa hiyo historia ya kanisa letu inaruka kutoka wa pili kwenda wa tano, na familia iliyochimba kisima cha parokia bado inalalamika.

Naye yule kijana wa Ulyankulu alimletea mama bonge la nta kutoka darini, jeusi kwa uzee. Mama aliliyeyusha, akalichuja kwa kitambaa, likapoa likawa la rangi ya chai. Akalilainisha kwa viganja, akaliviringisha kwenye uzi wa pamba. Nikamwambia, mama, ule mshumaa wako wa sandukuni upo. Akasema, "Ule ni wa siku ile. Uache." Mshumaa mpya ulitoka mnene chini, mwembamba juu, umeinama kidogo. Ulinukia asali mpaka chumbani kwangu.

Jumapili tulisali uwanjani. Ndani kulikuwa na mzinga.

Jua la Tabora mnalijua. Turubai zilifungwa, watu wakajaa, kwaya wakaimba bila spika na nyuki wakawaacha. Wakati wa majina ulipofika, mwenyekiti alisimama na karatasi. Kichwa kilikuwa kimepungua, lakini mdomo bado ulikuwa mzito, na kila jina lilitoka limelowa. Watu wanasimama, wanaitikia "Yupo!" wanakwenda mbele, wanarudi na mishumaa yao inawaka. Mama alikuwa benchi la pili tena, na gauni jipya tena. Mkono wake ulishika wangu. Mimi mwanamke wa umri huu, mwenye wajukuu, nilikuwa nasali kama mtoto: jamani, Mgogo, usiruke, usiruke.

Akafika mwisho wa orodha. Akashusha karatasi, moyo wangu ukashuka nayo. Kisha akaiinua tena akasema kwa sauti kubwa, "Na mrina asali wa kanisa hili, aliyelitilia mzinga likapona." Na hapo akataja jina. Lakini kwa mdomo ule! Herufi ya kwanza ilipotea, ya katikati ikageuka upepo, na lililofika kwetu halikuwa jina la mtu yeyote wa Unyamwezi wala Ugogo. Watu wakageukiana.

Mama akasimama. Hakunishika mimi wala fimbo.

"Tamka vizuri, mwanangu!" akasema, na uwanja wote ukasikia. "Nimengoja sana. Litamke vizuri."

Watu wakaangua kicheko, naye mwenyekiti akacheka. Kisha akafuta midomo kwa leso, akavuta pumzi, akalitamka upya, taratibu, herufi kwa herufi, jina zima la babu na la baba yake babu.

"Yupo!" mama akaitikia.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui vilikoma saa ngapi. Mama alikwenda mbele kwa miguu yake, akawasha mshumaa wake mpya wa nta ulioinama, na wengine wote wakainamisha mishumaa yao ya dukani kumpisha. Majina mengine yote siku hiyo yalisomwa mara moja. La babu yake mama lilisomwa mara mbili.